Mama anataka kuachia utafiti wa sikoseli mali yake kwenye wasia, inawezekana hapa Uganda?

NyaboBusia:

Wapendwa habari zenu. Naomba msaada hasa wale wanaojua sheria au ambao kwao kuna mtu aliwahi kufanya kitu kama hiki. Mamangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka sabini na kitu, akili timamu kabisa, kodi za wapangaji anazipiga hesabu kichwani na hakosei. Ana mizigo Mbale, yaani vyumba sita vya kupangisha, na hela kidogo kwenye SACCO. Sasa majuzi ametuita watoto wote akasema anaandika wasia na hiyo mizigo yote anaiachia "watu wanaotafiti sikoseli" (selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi). Sisi tulizaliwa sita, wawili wa katikati walikuwa nayo na hatuko nao tena, kwa hiyo najua hilo linatoka wapi. Ila kaka zangu wamechachamaa, mkubwa anasema mama amedanganywa na watu wa NGO, mwingine anasema hospitali ni ya serikali sasa mama anataka kumlisha nani. Mimi sipingi, ila sijui hata panaanzia wapi. Sheria inaruhusu? Na unamwandikia nani hasa, maana huwezi kuandika tu "utafiti" basi, si ndiyo?

Odoch_Tororo:

Watoto wanalipa rent halafu nyumba unapelekea maabara, banange. Hao watafiti wana wafadhili kutoka Marekani, kodi ya mizigo sita kwao ni hela ya chai. Mama aongee na mchungaji wake kwanza.

NesiMstaafu:

Odoch polepole na mama wa watu.

Mi nimefanya wodi ya watoto huku mashariki miaka mingi, acha nikwambie kitu. Zamani mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, anahema juujuu, sisi tulifundishwa mwaga dripu haraka haraka, ndivyo miongozo ilivyosema na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mama anashika mtoto, wewe unabonyeza chupa maji yaingie upesi, unajiona umeokoa. Ukaja utafiti unaitwa FEAST, ulifanyika hospitali za Mbale, Soroti, Lacor na Mulago, na Kenya na Tanzania nao walikuwemo, watoto zaidi ya 3,000. Majibu yakatoka 2011. Waliomwagiwa maji ya haraka walikufa kama 10.5 kwa mia ndani ya saa 48, wale ambao hawakumwagiwa 7.3 kwa mia. Wakubwa wengine walikataa kuamini na mimi nawaelewa, maana ukikubali lazima uanze kuwakumbuka wale wa nyuma.

Sasa niambie ni kampuni gani ingelipia swali kama hilo? Hakuna dawa mpya ya kuuza pale, jibu lenyewe ni "msimwage maji". Ililipwa na hela ya umma ya Uingereza. Na sikoseli ni hivyo hivyo tu, haidroksiurea, kidonge cha sikoseli, Marekani wameitumia tangu miaka ya 90, ila huku kwetu watu waliogopa kwamba mtoto ataimeza halafu malaria immalize. Miaka inapita watoto wanalia maumivu na dawa ipo. Mpaka ilipojaribiwa kwa watoto wa Mulago, na ule utafiti mwingine unaoitwa REACH ambao Mbale ilikuwa kituo kimojawapo, majibu 2019, ndipo ikaonekana maumivu yanapungua, kuongezewa damu kunapungua, na malaria yenyewe ikapungua badala ya kuzidi. Kidonge ni kilekile cha zamani, kilichokosekana ni mtu wa kukijaribu kwa mtoto wa huku.

Kwa hiyo dada mwambie mama nimemsalimia sana.

WakiliKijana_Kla:

NyaboBusia, kabla ya yote, hati ya hicho kiwanja iko kwa jina la nani? Nauliza kwa sababu nusu ya kesi za namna hii zinaanguka hapo, mama anagawa kwenye wasia kitu ambacho kwenye karatasi bado ni cha marehemu baba, na baba alikufa bila wasia na hakuna aliyeenda kortini kuchukua barua za usimamizi wa mirathi. Kama ni hivyo muanze na hilo, mengine yote yasubiri.

Kama ni lake, ndiyo, sheria inaruhusu. Succession Act, yaani sheria ya mirathi, inamwachia mtu kugawa mali yake kwa wasia anavyotaka, mtu yeyote wa miaka 18 na kuendelea mwenye akili timamu. Lakini ina masharti. Lazima awe amewafikiria wanaomtegemea, kama ana mjukuu yatima anayemlea au mtoto mlemavu na hajamwachia kitu, huyo anaweza kwenda kortini aombe atengewe matunzo kutoka kwenye mali. Nyumba ya familia inayokaliwa nayo ina ulinzi wake. Mizigo ya biashara ni habari nyingine.

Na wale kaka waambie hivi, asipoandika wasia sheria ndiyo inagawa, baada ya marekebisho ya 2022 mgawo ni watoto 75 kwa mia, mume au mke 20, wanaomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Utafiti hapo unapata sifuri hata kama mama alisema mbele ya kanisa zima. Maneno ya mdomo kwenye kikao cha familia hayasaidii.

Sasa ushauri wangu mwenyewe: asiache majengo. Taasisi ya utafiti itafanya nini na choo cha mizigo kilichojaa na mpangaji wa chumba namba nne asiyelipa? Itabidi wauze, na watauzia nani wakati kaka zako wamekaa hapo getini. Aandike asilimia. Madeni na mazishi yakishalipwa, na kila mtoto akishapata alichoandikiwa, kinachobaki asilimia fulani iende kwa taasisi fulani, na msimamizi wa mirathi apewe ruhusa ya kuuza. Kiasi cha shilingi kisichobadilika sikipendi, milioni tano ya leo baada ya miaka ishirini itanunua kuku. Jina la taasisi liandikwe kamili kama lilivyosajiliwa, mfano Mbale Clinical Research Institute, au chuo cha sayansi za afya cha Makerere, au UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, siyo "wale watu wa sikoseli". Aongeze na kifungu kwamba taasisi hiyo ikifungwa au ikibadili jina, msimamizi achague nyingine yenye kazi ya karibu na hiyo. Na asibane sana, ukiandika "kwa utafiti wa dawa fulani ya sikoseli tu" na dawa hiyo ikaachwa baada ya miaka kumi, zawadi inakwama. Bora aandike "kwa utafiti wa sikoseli, na ikishindikana, magonjwa ya damu ya watoto". Kabla ya kusaini, piga simu kwao mwenyewe, uliza kama wanapokea na wanataka iandikweje. Ukipigiwa wewe na mtu anayetaka "ada ya kusajili zawadi", kata simu.

MnubiWaBombo:

Salaam. Mi naongea upande wetu Waislamu labda kuna mwingine anasoma. Kwetu wasia wa nje ya warithi ni theluthi tu, na Mtume mwenyewe alimwambia sahaba wake Saad theluthi nayo ni nyingi. Kwa hiyo mzee wetu hawezi kuamka akatoa mizigo yote sita, mbili ndiyo mwisho, na watoto wanatulia kwa sababu wanajua zao hazigusiki. Nadhani hata huyo mama asiye Muislamu angeanzia hapo, ugomvi ungepungua.

Ila wakili hapo kwenye kuuza sikubaliani. Wakfu je? Jengo linabaki, haliuzwi, kodi ya kila mwezi ndiyo inaenda kwenye utafiti, na thawabu inaendelea kumfikia kaburini. Ukiuza mara moja hela imeliwa.

WakiliKijana_Kla:

Mnubi hoja yako nzuri, na kwenye mji ambao kuna msimamizi mwaminifu wakfu unakaa miaka na miaka. Lakini wewe na mimi tunajua mali za wakfu ngapi hapa nchini zimegeuka kesi. Vyumba sita vinahitaji mtu wa kupaka rangi, kufukuza, kudai. Nani? Kama yupo, sawa, iandikwe vizuri kama amana yenye wadhamini. Kama hayupo ndiyo nasema uza.

KijanaKasese:

Odoch umesema hela ya chai, sikia hii. Uingereza kuna shirika linaitwa Cancer Research UK, zaidi ya theluthi ya utafiti wao unalipwa na zawadi za kwenye wasia, na wengi waliotoa siyo matajiri, ni bibi wa kawaida aliyeuza nyumba. Kweli wao wanasukumwa na kodi pia, kule kodi ya urithi ni 40% na ukiacha angalau sehemu ya kumi kwa hisani inashuka hadi 36%, sisi hapa kodi ya urithi hatuna kwa hiyo hakuna wa kukusukuma. Hata wale wa Wellcome, shirika la Uingereza linalolipia utafiti wa afya wa Kilifi hapo Kenya, mfuko wao ulitokana na wasia wa mtu mmoja, Henry Wellcome, aliyefariki 1936. Huyo alikuwa tajiri sawa, ila ni karatasi tu alisaini.

Odoch_Tororo:

Sawa nimesikia. Ila bado kaka mkubwa apewe angalau chumba cha mbele cha duka.

NyaboBusia:

Aki mmenisaidia mno, sikutegemea. Hati ni ya mama, alinunua mwenyewe kwa mkopo wa walimu, nimeiona kwa macho. Nimemsomea majibu yenu yote kwa simu, ya nesi akanyamaza sana halafu akasema rudia hapo kwenye kidonge. Amekubali asilimia, anasema theluthi kama ya Mnubi, zinazobaki tugawane na kaka zangu, na chumba cha duka ni cha mkubwa (Odoch umeshinda). Kaka mdogo bado amenuna. Sasa anataka mashahidi wawe mwenyekiti wa LC1 (wa kijiji chetu) na mke wa kaka mkubwa kwa sababu wanakaa karibu. Inafaa?

WakiliKijana_Kla:

Mwenyekiti sawa. Shemeji hapana, mume wake ameandikiwa chumba cha duka, na shahidi akiwa mke wa anayepewa, zawadi hiyo inabatilika, duka linapotea. Tafuta jirani au mwalimu mwenzake asiye na kitu humo ndani. Wote wawili wamwone mama akisaini na wao wasaini mbele yake, kila ukurasa, majina kamili na anwani. Kwa sababu kaka mmoja amenuna, mama apite kwa daktari wiki hiyohiyo apate barua kwamba akili yake ni nzima, kuna siku itahitajika. Nakala moja ikae kwa wakili au kwa Administrator General (ofisi ya serikali ya mirathi), nyingine benki, na taasisi wapewe barua kwamba wametajwa. Msimamizi wa mirathi awe wewe na mtu mmoja wa nje ya familia, usiwe peke yako na kaka mdogo kwenye hili.

NyaboBusia:

Sawa wakili, shemeji nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine.

NesiMstaafu:

Shahidi wa pili akikosekana mi niko Mbale, nitumie inbox.