Iowa kwa kipato cha kati: Des Moines, Cedar Rapids, Iowa City, Davenport au Waterloo?

Baba_Watatu

Ndugu zangu, salaam. Familia yetu ya watu watano inaishi Chicago, nasi tumekusudia kuhamia Iowa kabla shule hazijafunguliwa mwezi Agosti. Mimi ni mfanyakazi wa ghala, mke wangu ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, na mapato yetu kabla ya makato ni takriban dola 62,000 kwa mwaka. Nikifuata kanuni ya kutotumia zaidi ya asilimia 30 ya pato kwa nyumba, mwisho wetu ni dola 1,550 kwa mwezi, na kwa fedha hizo hatujapata vyumba vitatu katika mtaa wa Chicago ambao tungeridhika kulea watoto. Tuna gari moja tu. Tungependa tupange kwanza, kisha Mungu akijalia tununue nyumba baada ya miaka michache.

Ndugu kadhaa wamenishauri Waterloo kwa sababu nyumba ni rahisi, wengine wananivuta Iowa City kwa sababu ya shule na hospitali. Naomba mnaoishi huko mnilinganishie miji hii kwa uaminifu.

Jirani_wa_Cedar

Karibu sana, Baba Watatu. Kabla ya kulinganisha kodi za pango, naomba uanze na hilo gari lako moja, kwa sababu litaamua mambo mengi kuliko bei ya nyumba. Familia yenye magari mawili inaweza kuishi karibu popote Iowa. Familia yenye gari moja, na wazazi wote wawili wanafanya kazi za zamu, inahitaji mji ambao mmoja wao anaweza kufika kazini kwa basi, kwa miguu au kwa gari la mwenzake wa kazini. Ukilazimika kununua gari la pili, ukajumlisha mkopo, bima, mafuta na matengenezo ya majira ya baridi, nafuu yote uliyoipata kwenye kodi ya pango itakuwa imemezwa na gari hilo.

Hapa Cedar Rapids, mji wa watu 137,710 kwa sensa ya 2020, nguvu yetu ni wingi wa waajiri wa aina mbalimbali. Kinu kikubwa cha nafaka cha Quaker kiko katikati ya mji, Cargill na General Mills wana viwanda vyao, Collins Aerospace wanatengeneza vifaa vya ndege, hospitali kubwa ni mbili, na maghala yako upande wa uwanja wa ndege. Mtu akiachishwa kazi mahali pamoja anaweza kutafuta nyingine bila kuhamisha watoto shule, na kwangu mimi hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Udhaifu wetu ni usafiri. Mabasi ya mji hayatembei Jumapili, na zamu ya mchana katika nyumba nyingi za wazee huisha saa nne usiku, wakati ambao huwezi kulitegemea basi. Mke wako atajua ninachosema, kwa kuwa wasaidizi wa wauguzi hupangiwa kazi hata wikendi. Wengi hapa hupanga nyumba umbali wa kutembea kutoka kazini kwa mmoja wao, kisha gari anabaki nalo anayefanya kazi mbali. Ukipata ghala karibu na uwanja wa ndege, gari liwe lako, na nyumba itafutwe karibu na kazi ya mama.

Mama_wa_Coralville

Shikamoo Jirani, na karibu Baba Watatu. Nimeishi upande wa Iowa City kwa muda mrefu, na ninaupenda mji huu, lakini kwa kipato ulichokitaja sitakuficha: chuo kikuu ndicho kinachopandisha kodi za pango. Mwenye nyumba anayeweza kuwapangisha wanafunzi wanne, kila mmoja akilipia chumba chake, hana sababu ya kushusha bei kwa ajili ya baba mwenye watoto watatu. Zaidi ya hayo, mikataba mingi karibu na chuo huanza mwezi Agosti, na nyumba huanza kutangazwa miezi mingi kabla. Mgeni anayefika mwishoni mwa Julai hukuta nyumba zilizobaki ni zile ambazo wenyeji wamezikataa, huku barabarani pamejaa makochi na magodoro ya wanafunzi wanaohama.

Faida zetu hata hivyo ni za kweli. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Iowa huajiri watu wengi sana, na mabasi ya mji wa Iowa City yamekuwa bure tangu Agosti 2023, ingawa nayo hayatembei Jumapili. Kwa hiyo wapo wengi wanaolala Cedar Rapids na kufanya kazi Iowa City kupitia barabara kuu ya 380, na kuna basi la siku za kazi linalounganisha miji hiyo miwili. Ningekuwa wewe, ningeangalia mpango huo kwanza.

Mke wako, dada yetu, aombe kuandikishwa katika rejesta ya Iowa ya wasaidizi wa wauguzi mapema, kabla hamjahama. Cheti cha Illinois kinaweza kutambuliwa, lakini karatasi huchukua muda wake, na muda huo kodi ya pango haisubiri.

Mzee_wa_Daraja

Marahaba wanangu. Naona Davenport imeachwa pembeni, nami nitaitetea, maana kwa mtu anayetoka Illinois ina jambo ambalo miji mingine haina.

Mto Mississippi unapita katikati yetu: Davenport na Bettendorf ziko Iowa, Rock Island na Moline ziko Illinois, na watu huvuka madaraja kila asubuhi kama wanavuka mtaa. Kima cha chini cha mshahara Iowa kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2008, ilhali Illinois kilifika dola 15 mwezi Januari 2025. Ni kweli kwamba maghala mengi ya Iowa hulipa zaidi sana ya kima hicho, lakini mwajiri wa upande wetu anajua kwamba mfanyakazi anaweza kuvuka daraja, na hilo linasaidia. Tena majimbo haya mawili yana makubaliano ya kodi: mkazi wa Iowa anayelipwa mshahara Illinois hulipa kodi ya mapato Iowa peke yake, ambako tangu 2025 kiwango ni kimoja, asilimia 3.8 ya kipato kinachotozwa kodi. Umjazie mwajiri wa Illinois fomu ya kumweleza kwamba wewe ni mkazi wa Iowa, asije akakukata kodi ya Illinois mwaka mzima ukaanza kuidai.

Nyumba za zamani hapa ni nyingi na kodi zake za pango ni za kuridhisha, lakini kagua. Mwezi Mei 2023 jengo la apatimenti katikati ya Davenport liliporomoka sehemu moja na watu watatu wakafa. Sheria ya Iowa inaitaka miji yenye watu 15,000 au zaidi kuwa na utaratibu wa kukagua nyumba za kupangisha, kwa hiyo nenda ofisi ya mji uulize kumbukumbu za ukaguzi wa jengo unalotaka kuingia. Ni haki yako kuuliza. Na usikubali kutoa amana inayozidi kodi ya miezi miwili, kwa kuwa sheria ya Iowa inakataza.

Fundi_Waterloo

Nimeombwa nizungumzie Waterloo, nami nitasema wazi. Ndiyo, kati ya miji hii mitano, hapa ndipo pesa ya nyumba huenda mbali zaidi. Lakini mji huu, wenye watu 67,314, unaegemea mno waajiri wawili: John Deere wanaotengeneza matrekta, na Tyson wenye kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe. Mwaka 2024 Deere walipunguza mamia ya wafanyakazi hapa, kwa sababu wakulima walipokosa bei nzuri ya mahindi waliacha kununua mashine, na aliyeumia ni pamoja na mwenye duka, kinyozi na fundi kama mimi.

Mtazame pia mji mdogo wa Perry, kaskazini magharibi mwa Des Moines. Tyson walifunga kiwanda chao cha huko mwezi Juni 2024, na watu karibu 1,300 wakapoteza kazi katika mji wenye wakazi wasiofika 8,000. Waliokuwa wamenunua nyumba za bei nafuu walibaki nazo, huku wanaotafuta nyumba wakipungua. Ninawaheshimu sana ndugu zetu wanaofanya kazi ya nyama, ni kazi ngumu inayosomesha watoto wengi, ila ninamsihi Baba Watatu asifunge mustakabali wa nyumba yake kwenye geti la kiwanda kimoja.

Mwenyeji_DSM

Des Moines ni ghali kuliko Waterloo, lakini ni mji mkuu, wenye watu 214,133 bila kuhesabu vitongoji, na mabasi kadhaa hutembea hata Jumapili. Tatizo ni kwamba maghala makubwa na kazi mpya nyingi ziko vitongojini, kama Ankeny na Bondurant, na basi la kwenda huko ni haba. Kwa dola 1,550 vyumba vitatu vinapatikana upande wa mashariki na kusini mwa mji, na ubakishe kiasi cha gesi ya kupasha nyumba joto. Kabla ya kusaini mkataba, iulize kampuni ya gesi wastani wa bili za nyumba hiyo kwa miezi 12 iliyopita. Nyumba yenye madirisha ya zamani inaweza kuwa na kodi ndogo na bili ya Januari ya kutisha.

Baba_Watatu

Nawashukuru nyote, hasa kwa habari ya Perry, ambayo sikuijua. Tumekubaliana na mke wangu kwamba tutatembelea Cedar Rapids kwanza, kisha Davenport. Ndugu Jirani, nikija kununua, je, mitaa ya karibu na mto ni salama? Naona bei zake ni za chini.

Jirani_wa_Cedar

Zipo sababu za bei hizo. Juni 2008 mto Cedar ulipanda hadi futi 31 na kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na kazi ya kujenga kuta za kuzuia mafuriko inaendelea hatua kwa hatua. Angalia ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali ya shirikisho la kushughulikia maafa, kwa anwani yenyewe ya nyumba, kwa sababu bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na ile ya serikali ya shirikisho huanza kufanya kazi baada ya siku 30, isipokuwa ikinunuliwa pamoja na mkopo wa nyumba. Uliza na umri wa paa. Dhoruba ya upepo ya Agosti 10, 2020 iliharibu mapaa na kung'oa miti mji mzima, na tangu hapo kampuni za bima zinachungulia sana paa kabla ya kukupa bei.

Pima pia radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini inayoweza kuleta saratani ya mapafu, katika chumba cha chini ya ardhi, kwani Iowa nzima iko kwenye kundi la hatari kubwa zaidi. Kipimo kikifika pikokyuri 4 kwa lita, mwambie muuzaji agharimie bomba la kuitoa nje au apunguze bei.

Mwisho, kodi ya majengo Iowa si ndogo, nayo hugeuza mkopo mwepesi kuwa mzito. Ukishahamia kwenye nyumba yako, nenda kwa mthamini wa mji au wa kaunti ujaze fomu ya punguzo la mwenye nyumba anayeishi humo, kabla ya Julai 1. Fomu hiyo hujazwa mara moja tu kwa muda wote utakaokaa katika nyumba hiyo.