Nyumba za Mjerumani na kota za reli Dar: zilindwe au zipishe maghorofa?

Mwana_Gerezani:
Wakuu, tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, kila mwenye hela anavitazama viwanja vya karibu na stesheni. Swali langu: nyumba kongwe za reli na zile za maofisa wa jeshi la Mjerumani, kuanzia Gerezani hadi Kivukoni, zilindwe au zibomolewe? Mimi nasema zilindwe. Mjerumani alihamishia makao yake hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, akaanza reli 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Bila reli na jeshi mji huu usingekuwa na sura tunayoijua. Na tafadhali, hoja ya kwamba ni magofu msiilete. Magofu wameyafanya mafundi wa leo.

Lipu_na_Chokaa:
Mafundi wa leo ndio akina nani? Fundi anapiga lipu aliyoletewa. Mwenye nyumba anashusha saruji, anataka kazi iishe Ijumaa, halafu ukuta ukimomonyoka lawama kwa fundi. Ngoja nieleze, maana hili linasemwa kila siku na watu ambao hawajawahi kushika mwiko.

Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama wa nyumba hizi kongwe, hauna kizuizi cha unyevu chini. Unanyonya maji ardhini na kuyatoa kwa mvuke, na chokaa inayaacha yapite. Ukiziba kwa saruji, maji yanapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaganda, inasukuma. Baada ya misimu michache lipu inadondoka pamoja na tabaka la jiwe.

Kazi yenyewe inataka hivi: bandua saruji yote hadi uone jiwe, kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine. Chumvi ipige brashi kavu, usiioshe, maji yanairudisha ndani. Ukuta uachie kiangazi kizima ukauke. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulowekwa shimoni si chini ya mwezi. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto, si wa ufukweni, maana wa ufukweni unakuja na chumvi yake. Nyunyizia ukuta maji kidogo, piga tabaka mbili za milimita 10 hivi, funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua la Dar likiipata siku ya kwanza, inachanika mistari yote. Sasa niambie ni mwenye nyumba gani anasubiri kiangazi kizima.

Pwani_Mpya:
Umejibu mwenyewe, fundi. Kama nyumba moja inataka yote hayo, bomoa. Mji una watu wengi, watu wanataka pa kulala, hawataki kutazama vibaraza.

Lipu_na_Chokaa:
Sijasema bomoa. Nimesema mlipe.

Mmatumbi_Halisi:
Mimi nimekwama kwenye maneno ya mleta mada, "bila reli na jeshi". Jeshi hilo ndilo lililozima Maji Maji 1905 hadi 1907 kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka watu wakafa njaa. Mwaka uleule wa 1905 reli inaanza hapa Dar. Leo tuchange hela tupake chokaa nyumba alizolala aliyetoa amri? Wengi wa wazee wetu Kusini hawana hata jiwe la kaburi.

Mwana_Gerezani:
Ndugu yangu, Ikulu nayo iko pale pale alipokaa gavana wa Kijerumani. Manowari za Waingereza ziliipiga mizinga mwaka 1914, Mwingereza akaijenga upya 1922. Nayo tuibomoe?

Mmatumbi_Halisi:
Usinipeleke Ikulu, kule anakaa Rais wetu. Nazungumzia nyumba za maofisa.

Pwani_Mpya:
Mbona hulalamiki juu ya sanamu ya Askari pale Samora? Yule ni askari wa Mjerumani kashika bunduki, na kila mgeni anapigwa picha naye.

Stesheni_Kuu:
Pwani, unapotosha watu. Sanamu ya Askari iliwekwa na Mwingereza mwaka 1927 kukumbuka askari Waafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza upande wa Uingereza. Ya Mjerumani ilikuwa sanamu ya Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Kijerumani, Waingereza wakaiondoa baada ya kuingia Dar Septemba 1916. Maandishi yako chini pale kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Soma kabla ya kuandika.

Pwani_Mpya:
Mjerumani, Mwingereza, tofauti yao ni nini kwa aliyebebeshwa mzigo?

Mmatumbi_Halisi:
Hapo Pwani umesema. Ila sanamu iachwe. Hiyo inawataja waliobeba mizigo, ambao Kariakoo yenyewe imepata jina kwa ajili yao. Nyumba ya ofisa inamtaja nani?

Stesheni_Kuu:
Inawataja waliochonga matumbawe na kuchoma chokaa. Ofisa hakubeba hata jiwe moja.

Mmatumbi_Halisi:
Wekeni basi kibao kinachosema hivyo, kwa herufi kubwa, mlangoni. Kwa sharti hilo nitanyamaza.

Dada_Ramani:
Jamani, mnagombea sanamu ambayo hakuna anayeigusa. Rudini kwenye nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Tazameni maana yake kwa Dar: Boma la Kale pale Sokoine, la Sultan Majid wa Zanzibar, ni la 1866 na 1867. Hata lenyewe mstari huo umeliacha nje! Seuze kota ya reli ya baada ya 1905. Kila jengo la Mjerumani mjini linategemea tangazo, na kota isiyo na tangazo haina tofauti na kibanda mbele ya tingatinga. Pambaneni mwaka huo ubadilishwe, au pelekeni majengo wizarani moja moja yakiwa na vipimo, picha na ramani.

Pwani_Mpya:
Dada, kwa hiyo sisi wengine wote tunapiga kelele tu?

Dada_Ramani:
Sijasema hivyo, kaka. Nimesema sheria inasemaje.

Mwana_Gerezani:
Dada asante. Kuhusu vipimo, kuna nyumba nyingi wenyewe wanaapa ni za Mjerumani kwa sababu zina reli kwenye dari. Huo ni ushahidi wa kutosha kupeleka wizarani?

Stesheni_Kuu:
Hautoshi. Reli chakavu zilitumika kama boriti, linta za juu ya milango na nguzo za uzio, na mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, vilevile. Mjerumani alitandika mataruma ya chuma Reli ya Kati kwa sababu mchwa unakula mbao, kwa hiyo chuma kilibaki kingi cha kuokotwa. Sugua ubavu wa reli kwa brashi ya waya. Kiwandani huwa wanaacha herufi zilizovimba: jina la kiwanda, mwaka, mara nyingi na uzito. Ukikuta 1906, umejua nyumba haikujengwa kabla ya 1906. Hujajua kama ni ya 1907 au ya Mwingereza wa 1930 aliyechukua reli iliyong'olewa. Malizia kwenye ukuta: kwaruza kiungio cha mawe kwa msumari. Kikitoka unga mweupe laini, ni chokaa. Msumari ukiteleza na kuacha mstari tu, ni saruji, na kama ni saruji hadi ndani kabisa, nyumba hiyo uitilie shaka.

Lipu_na_Chokaa:
Na kabla hujafungua hiyo dari kutafuta herufi, simika mirunda, yaani nguzo za kuishikilia, chini yake, kila mita moja, juu ya ubao mpana. Reli ikishika kutu inavimba, inapasua zege linaloizunguka, na mara nyingine zege hilo ndilo lililobaki kuishikilia. Ukilibomoa ukiwa chini yake, linakushukia.

Pwani_Mpya:
Nani analipa hiyo mirunda?