Haidromita na rifraktomita zinapingana: je, mvinyo wangu wa zabibu umekwisha kuchachuka?

Mbezi_Juu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Mwezi huu nilinunua kilo 24 za zabibu za Makutupora nyekundu kwa mkulima wa Hombolo, Dodoma, nikazisafirisha kwa basi hadi Dar es Salaam, na baada ya kuziponda na kuzikamua nikapata lita 14 za juisi. Haidromita, yaani kile chombo cha kioo kinachoelea ndani ya juisi, ilisoma 1.066. Kwa kuwa nilikuwa nimeelekezwa kwamba mvinyo mkavu (usiobaki na utamu) wa kawaida huanzia karibu na 1.090, nilitia kilo moja ya sukari, nikakoroga, nikachota juu ya ndoo na kupima tena: 1.070. Sikuelewa, lakini nilihofia kuongeza sukari nyingine, basi nikatia hamira ya mvinyo na kufunika.

Leo ni siku ya tisa na mapovu yamepungua sana. Haidromita inasoma 1.004, ilhali rifraktomita niliyoazima kwa jirani inaonyesha Brix 9 (Brix ni kipimo cha sukari), kana kwamba sukari bado ni tele. Isitoshe, haidromita yangu ina mstari mwingine wa asilimia ya kilevi, nao unakaribia sifuri. Je, nimehangaika siku zote hizi nikapata juisi isiyo na kilevi? Na chombo kipi ndicho cha kuaminiwa?

Fizikia_Jioni alijibu:

Ndugu, haidromita haiijui sukari. Inachokijua ni uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji. Maji safi ni 1.000. Sukari hukifanya kimiminika kiwe kizito, kwa hiyo chombo huelea juu zaidi. Hamira ikishaila sukari na kutoa kilevi, ambacho ni chepesi kuliko maji, chombo huzama, na mvinyo mkavu husoma chini ya 1.000. Ule mstari wa asilimia hauonyeshi kilevi kilichomo, bali kilevi ambacho kingepatikana iwapo sukari iliyobaki ingechachuka yote. Kukaribia sifuri ni habari njema. Ukitaka kujua kilevi chako, toa usomaji wa mwisho kwenye usomaji wa mwanzo, kisha zidisha kwa 131.

Usomaji wa 1.070 uusahau kabisa, kwa sababu sukari uliyoitia ilikuwa imelala chini ya ndoo nawe ukachota juu. Tuukokotoe: lita 14 za 1.066 zina uzito wa kilo 14.92, ukiongeza kilo moja ya sukari unapata kilo 15.92, na kwa kuwa kilo hiyo ikiyeyuka huchukua nafasi ya lita 0.62 hivi, ujazo unakuwa lita 14.62. Gawanya, utapata 1.089. Ulifika ulikokuwa unakwenda bila kujua, na ulifanya vyema kutoongeza nyingine.

Kuhusu rifraktomita, chombo hicho hupima jinsi mwanga unavyopinda ukipita katika tone la juisi, na kilevi nacho huupinda mwanga kuliko maji. Ni chombo kizuri shambani, kabla ya kuvuna. Hamira ikishaanza kazi hukupotosha, hata mvinyo ulioanzia Brix 22 ukakauka kabisa bado utaonyesha kama 8. Mrudishie jirani.

Bibi_Rozela alijibu:

Mjukuu wangu, hesabu za mwenzetu ni sahihi, ila hakuna aliyeuliza joto lilikuwa kiasi gani. Tazama karatasi iliyomo ndani ya kioo cha haidromita yako; nyingi huandikwa nyuzi 20, na Dar haina juisi ya nyuzi 20 labda uitoe kwenye friji. Katika nyuzi 30 hivi ongeza karibu 0.003 kwenye kila usomaji. Nalisema hili kwa uchungu, kwani nilipoanza kutengeneza mvinyo wa rozela hapa Tanga nilipima ikiwa ya moto, mara tu baada ya kuepuliwa, nikaona namba ndogo, nikarundika sukari, na kilichotoka kilikuwa kitamu mno, kisichonyweka ila kwa kuchanganywa na maji.

Jambo la pili ni gesi. Mvinyo wa siku ya tisa bado umejaa gesi, na vipovu hujishikiza kwenye kioo vikakiinua kama maboya, nawe ukasoma juu kuliko ilivyo. Miminia sampuli kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara kumi, uiache itulie, uizungushe haidromita kwa vidole, kisha uinamishe jicho lilingane na uso wa mvinyo wenyewe, si ule ukingo unaopanda kwenye kioo. Je, unapimia ndani ya nini?

Mbezi_Juu alijibu:

Shikamoo Bibi. Naona haya kusema: nilikuwa napimia kwenye bilauri. Juisi ilipokuwa nzito chombo kilielea vizuri, lakini leo nilipochungulia kwa chini niliona kitako chake kimegusa bilauri na kusimama hapo. Nimenunua silinda ya plastiki ya mililita 250, nikaondoa gesi kama ulivyoelekeza, na sasa inasoma 0.998 katika nyuzi 31.

Fizikia_Jioni alijibu:

Nakubali kosa, joto nililiruka. Basi 1.066 ya mwanzo ilikuwa 1.069, mvinyo wako ulianzia 1.092, na leo uko kwenye 1.001. Hiyo ni karibu asilimia 12 ya kilevi, na bado unaendelea. Usiutie kwenye chupa hadi upate namba ileile mara mbili kwa kupishanisha siku tatu, kwa maana sukari ikichachuka ndani ya chupa iliyofungwa itaipasua.

Mbezi_Juu alijibu:

Ndugu na Bibi, narudi na majibu. Nimepima Jumatano na tena leo Jumamosi, zote 0.993 katika nyuzi 31, yaani 0.996 baada ya kurekebisha. Kwa hesabu yenu ni asilimia 12.6. Sampuli zote mbili nimezinywa. Ni kali kidogo ulimini, lakini sukari sikuionja.