Wasichana wa fomu tuu (kidato cha pili) wataka unesi, nianzie wapi?

MwalimuFaza: Asalaam aleikum. Wanafunzi wangu huku kisiwani wataka kazi za hospitali lakini wanaemjua ni nesi wa zahanati tu. Nifanyeje?

BintiLangoni: Waaleikum salaam mwalimu. Wasiache bayolojia kabisa, diploma ya unesi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, yataka C ya jumla na C ya bayolojia kwenye mtihani wa fomu foo, na maombi siku hizi yapitia KUCCPS, ofisi ya serikali ya kuwapangia wanafunzi vyuo. Pia waambie kuna maabara, famasia, eksirei, lishe, si nesi na daktari tu jamani.

Mzee_wa_Mokowe: Omba hospitali ya King Fahd hapo Lamu wawapokee siku moja wapimane presha wenyewe, mjukuu wangu aliminya ile pampu mara moja tu sasa ualimu hataki kuusikia 😂

MwalimuFaza: Na nauli ya boti?

BintiLangoni: Mbane MCA, mwakilishi wenu wa wadi, mapema kabla ya pepo za kusi kuchafua bahari.