Mwanangu njiti anatakiwa kupimwa mapafu kwa altrasaundi, nikubali?

MamaKijana
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume kazaliwa na wiki 27, sasa yuko wiki ya pili wodini. Mashine ya kupumulia ametolewa, yuko kwenye ile ya kusukuma hewa puani, ila oksijeni bado anahitaji. Leo daktari kasema wanataka kumpima mapafu kwa altrasaundi waone kama anaelekea kupata ugonjwa sugu wa mapafu. Huyu mtoto akiguswa tu oksijeni inashuka. Je, kitamuumiza? Na wakishajua, watafanya nini cha tofauti?

NesiWachanga
Pole mama, na hongera kwa hatua aliyofika. Hakuna sindano wala mionzi. Wanapaka jeli, wanapitisha kifaa kidogo kifuani. Omba jeli ipashwe moto kwanza, maana njiti akipata baridi anahangaika, na wapime ukiwepo umshike kichwa na miguu.
Kifua kinagawanywa sehemu 6, kila moja inapewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 18. Pafu lenye hewa nzuri linaonyesha mistari ya kulala. Lenye majimaji linajaa mistari myeupe ya kusimama. Alama zikibaki juu baada ya wiki ya kwanza, uwezekano wa ugonjwa unapanda. Hawaangalii alama peke yake, wanaunganisha na wiki za mimba, uzito, kiasi cha oksijeni, hata jinsia, kwa sababu wavulana huugua zaidi.

Mdau_Huru
Kama hawana mpango wowote baada ya majibu, mimi ningekataa. Mtoto apumzike.

BabaPacha
Mdau, hoja yako naielewa, ila mpango huwa upo. Ugonjwa wenyewe unatajwa mtoto akihitaji oksijeni siku 28 au zaidi, na ukali wake unapimwa akifikisha wiki 36, ukihesabu na za tumboni. Ukisubiri mpaka huko, pafu limeshaumia.
Mmoja wa wanangu alikuwa amenasa kwenye mashine ya kupumulia, swali likawa deksamethasoni. Dawa hiyo inasaidia kumtoa mtoto kwenye mashine, lakini ikitolewa wiki ya kwanza inaongeza hatari ya mtindio wa ubongo. Kwa hiyo madaktari wanataka kujua nani yuko hatarini kweli, ili asiyeihitaji asipewe. Hapo ndipo kipimo kina thamani.

MamaKijana
Asanteni sana. Nilidhani wakisema "anaelekea" ndiyo basi tena.

NesiWachanga
Hapana mama, ni uwezekano, na alama hushuka. Wenye alama za juu wengi wao huimarika, mapafu yanaendelea kuota vifuko vipya vya hewa miaka ya mwanzo. Kesho muulize daktari: alama ngapi, watarudia lini, na kafeini, ile dawa ya kumchochea apumue, anaendelea nayo? Endelea kukamua maziwa.