Kuacha sigara na baridi hii ya Uyole, mnafanyaje?

Dereva wa Fuso: Wakuu, habari za jioni. Napiga ruti ya Uyole–Tunduma, sigara navuta tangu niko utingo. Juzi presha imesoma 150 kwa 95, daktari kasema acha. Nimehamia ugoro, maana hauna moshi. Ila alfajiri hizi za Julai, kabla sijawasha gari, mkono unatafuta kiberiti wenyewe. Ugoro si nafuu jamani?

Nesi Mstaafu, Tukuyu: Mwanangu, ugoro ni tumbaku ileile. Nikotini inayokimbiza moyo na kupandisha presha imo humo, na ukiuweka mdomoni unaita saratani. Umekwepa moshi tu, uraibu uko palepale. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo kali: hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu. Wiki chache mbele kunalegea. Ulizia famasi kubwa za mjini bazoka (chingamu) au plasta za nikotini, za kutuliza hamu ya tumbaku; Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Ila kwa presha hiyo, rudi kwa daktari kwanza akupangie.

Wa Kyela: Hiyo bazoka haitafunwi mfululizo kama Big G, mkuu. Tafuna taratibu, ikianza kuwasha ibane shavuni. Na kahawa punguza, hiyo ndiyo inaita sigara.

Dereva wa Fuso: Shikamoo mama, na asante. Kesho narudi kwa daktari. Utingo nimemkataza kuvutia kwenye kabini, ananuna mpaka Songwe.