Baba amepooza, mke wangu ndiye anayemuuguza. Tugawane vipi kazi?

Wakuu, naomba ushauri. Baba alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, yupo kwetu. Mimi nashinda kazini. Mke wangu anamlisha, anamgeuza, hata kumwogesha, na wote wawili wanaona haya. Ndugu wanatuma hela wakikumbuka. Sasa juu ya makalio pameanza kuwa peusi na pana joto.

Mzee wa Wodi: Pole sana mkuu. Anza na hapo makalioni, hicho ni kidonda cha mgandamizo kinaanza. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, ndiyo maana watu huchelewa. Msipachue, wala msimkalishie pete ya mpira, inabana damu pembeni. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia: ubavu huu, kisha ule, chali muepuke mpaka papone. Mto mgongoni aegemee kidogo, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka liwe kavu, lisiwe na mikunjo. Ngozi ikichubuka, hospitali siku hiyohiyo.

Dada Mlezi: Kula akae wima, abaki hivyo dakika 30. Maji na chai hupalia kuliko uji mzito. Kijiko kipite upande wa mdomo usiopooza, kisha kagua shavu la kulia, chakula hubaki humo. Akikohoa kila anapomeza, mwoneshe daktari. Kumwinua, msivute mkono uliopooza, bega litateguka. Shati lianze mkono huohuo kuvaa. Kuvua, uwe wa mwisho.

Shemeji Mkubwa: Kuogesha ni kazi yako, mkuu. Mzee ana akili timamu, kuvuliwa na mkwewe kunamuumiza. Muogeshe alfajiri; pampasi za mchana, mtafute mpwa wa kiume au kijana wa kulipwa. Ndugu usiwaambie "tuchange", hela hiyo haina mwenyewe. Mmoja alipe pampasi, mwingine dawa, mwingine kijana, kila mtu na tarehe yake. Mkeo naye apate siku ya kutoka kila wiki.

Mzee wa Wodi: Kama amefika miaka 60 na hana uwezo, muulizeni afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa matibabu.

Mleta uzi: Asanteni sana. Presha imeshuka, tupumzishe vidonge?

Mzee wa Wodi: Hapana! Imeshuka kwa sababu anavimeza. Mkiacha itapanda tena, na kiharusi cha pili huwa kibaya zaidi. Daktari pekee ndiye abadilishe dozi.